Ngano ya Mwalimu Nevyana

Hospitali ya Suhi Dol, Wodi ya Wazee
8 Septemba 2013

Binti yangu Bilyana,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu tunapewa Jumapili tu, tena mbele ya muuguzi, na ukumbi ule una mwangwi ambao sikio langu haliuwezi. Ukinijibu, andika kwa herufi kubwa. Miwani yangu ya kusomea imefungiwa kabatini pamoja na mikanda na viwembe vya watu wengine, na kila nikiihitaji lazima niombe.

Sikatai kwamba nilikuwa mgonjwa. Mtu anayekaa chini ya mzabibu tangu asubuhi bila kula, asiingie ndani hata mvua ikinyesha, ni mgonjwa, na baba yako alifanya vyema kunileta hapa. Dawa zimefanya kazi yake. Nakula, nalala. Lililonishinda ni namna wanavyoniita. "Bibi Neve, fungua mdomo nione kama umemeza." Msichana anayesema hivyo nilimfundisha mama yake jiografia, na mama yake aliniita Mwalimu mpaka alipoolewa.

Naomba uniletee kitana changu, viatu vinavyofunika kisigino, maana ndara za hapa zinaniangusha, na koti langu la kahawia. Koti usilisahau. Nitalihitaji tarehe 26 Oktoba. Aliponiacha getini baba yako aliniambia, "Siku ya Mtakatifu Dimitar vibarua wote huachiwa warudi makwao. Na wewe nitakuja kukuchukua siku hiyo, Neve. Uwe umevaa koti." Kisha akaenda bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa analia na alidhani sijui.

Nina hiyo siku, na inanitosha. Mwambie anywe dawa yake ya moyo baada ya chakula, si kabla.

Mama yako,
Nevyana

*

Gorni Brod
19 Septemba 2013

Ognyan ndugu yangu,

Kwenye simu tutapigiana kelele, ndiyo maana nakuandikia. Najua hukuruhusiwa kushuka melini, na sikulaumu. Au nakulaumu, lakini si sana.

Baba alikufa Jumapili juu ya ngazi, akichuma zabibu. Shangazi Gena wa jirani ndiye aliyemkuta. Anasema kikapu kilikuwa bado kinaning'inia tawini kikiwa kimejaa nusu. Tumemzika Jumanne. Watu walikuwa wengi. Kila mmoja aliuliza, "Mama yuko wapi?" nami nikasema amekwenda kwenye chemchemi za maji ya moto kutibu miguu. Ningesema nini? Kwamba yuko kwa wendawazimu? Unajua mji wetu.

Mama hajui. Nilikwenda kwa Daktari Karadzhov kabla ya maziko, nikiwa tayari nimevaa nguo nyeusi, akanitoa nje ya wodi kabla mama hajaniona. Alisema, "Ukimwambia sasa utampoteza na yeye. Mwache atulie." Nikauliza mpaka lini. Akasema atanijulisha.

Sasa kuna hili. Duka la majeneza lilichapisha tanzia bila kuniuliza, na jina la kwanza kati ya wafiwa ni la mama: mke wake Nevyana. Karatasi imebandikwa mlangoni kwetu, kwenye nguzo za umeme, kituo cha mabasi, kote. Kila nikipita naona jina lake likimlilia mtu ambaye yeye anamsubiri aje kumchukua. Naona kama namdanganya mara ya pili.

Dada yako,
Bilyana

*

Bandarini
29 Septemba 2013

Dada,

Basi kwenye tanzia mpya itakayobandikwa siku ya arobaini liondoe jina lake. Acha sisi wawili na wajukuu. Akipona tutalirudisha kwenye ile ya miezi sita. Usimwambie chochote. Daktari ndiye anayejua.

Nimetuma kitu kidogo kwa ajili ya msalaba. Mwezi huu sikulala vizuri.

Ognyan

*

Suhi Dol
3 Oktoba 2013

Binti yangu,

Viatu vimefika, ahsante. Kitana wamekichukua kwa sababu kina mpini mrefu wenye ncha. Koti limetundikwa kwenye chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Nimeahidiwa kwamba nitapewa siku hiyo.

Huku kumekuja msichana anayeitwa Iva, mwanasaikolojia, mpole, mwenye daftari. Alituketisha mezani sisi tusiolala mchana akasema, "Wazee wangu, nataka kujua mnataka nini kutoka kwetu. Semeni msiogope."

Tulitazamana. Hatukuwahi kuulizwa. Rusalina, wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa mshonaji wa nguo za maharusi, ndiye aliyeanza. "Mlango wa choo," alisema. "Nataka ufungike. Nimezaa watoto wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniona pale nilipoonwa na wapishi wa hapa."

Mzee tunayemwita Bai Stamen, aliyekuwa mpima ardhi, akasema, "Uma. Nina miaka sabini na tisa, nakula kabeji kwa kijiko. Nikitaka kujiua nitatumia akili, sitatumia uma."

"Bai Stamen, maneno hayo nikiyaandika watakuongezea vidonge," Iva akasema.

"Basi andika kwamba kabeji ni tamu."

Tulicheka, hata yeye. Ikafika zamu yangu. Nilimwambia nataka mambo mawili. La kwanza, niitwe Bi. Dobreva au Mwalimu, kwa kuwa mimi si bibi wa kila mtu. La pili, niambiwe. Kidonge cha njano ni cha nini, niambiwe. Daktari haji leo, niambiwe, nisikae nimevaa tangu alfajiri. Mama wa kitanda cha pili alipokufa walituambia amehamishwa, na sisi tuliona soksi zake zimebaki. Mtu mzima akifichwa jambo haponi. Anageuka mtoto, na mtoto hana dawa yake ila kukua, na sisi hatukui tena.

Aliandika. Nimezoea kusoma daftari za wanafunzi kichwachini, kwa hiyo nilisoma. Aliandika: "Mgonjwa ana wasiwasi."

Baba yako mbona haandiki? Hata mistari miwili. Alikuwa akiniandikia kadi kila aliponiacha nyumbani akaenda minadani Pleven kwa siku moja.

Mama yako

*

Gorni Brod
9 Oktoba 2013

Mama mpendwa,

Nakuandikia kwa herufi kubwa kama ulivyosema. Sisi sote ni wazima. Baba anakusalimu. Mkono wake wa kulia umevimba kwa kazi ya zabibu, hawezi kushika kalamu, lakini kila jioni anauliza habari zako. Zabibu zote zimechumwa. Dawa anakunywa baada ya chakula.

Usiwe na wasiwasi juu ya tarehe. Fuata anavyosema daktari.

Nakupenda,
Bilyana

*

Suhi Dol
27 Oktoba 2013

Bilyana,

Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Dimitar.

Niliamka mapema nikaomba koti. Muuguzi wa zamu ya usiku alinipa, akanifunga vifungo kana kwamba sina mikono. Nikaagana na Rusalina, nikamwachia sabuni yangu. Nikamwachia Bai Stamen uma, ule ambao mwana wa Rusalina alituingizia ndani ya mkate na tulikuwa tukipokezana. Kisha nikakaa kwenye benchi lililotazama geti.

Walinipitishia chakula cha mchana, nikakataa, kwa kuwa baba yako hupenda kula njiani, na nilitaka tule pamoja. Saa za wageni zikaisha. Muuguzi akaja akasema, "Bibi Neve, vua koti, kuna joto ndani." Nikakataa. Wakaja wawili wakanivua.

Nakuomba umfikishie baba yako maneno haya kama yalivyo. Mwambie ni mwongo. Mwambie kibarua huachiwa siku ya Mtakatifu Dimitar hata na tajiri mbaya kuliko wote. Mwambie kama amechoka nami, angenieleza getini, uso kwa uso, kama mwanamume, wala asingenipa tarehe. Mwambie sitamsamehe.

Uma wangu Bai Stamen hajataka kunirudishia, na ana haki.

Nevyana

*

Gorni Brod
30 Oktoba 2013

Mama mpendwa,

Usimkasirikie baba. Alikuwa na homa, na gari langu liliharibika breki. Alisikitika sana. Amesema atakuja, mvua ikipungua. Tafadhali kula. Daktari ameniambia hukula siku mbili, nami nimeogopa.

Bilyana

*

Suhi Dol
12 Novemba 2013

Bilyana,

Keti chini kabla ya kusoma. Mimi nilikuwa nimeketi, na ilinisaidia.

Jana walimleta Tsanko fundi viatu, yule wa karibu na kituo chetu cha mabasi, kuja kuachishwa pombe. Wodi ya walevi imejaa, wakamweka kwetu. Tulikuwa mezani, mbele ya supu ya maharage. Akasimama mlangoni ameshika bakuli lake, akaniangalia, akafanya ishara ya msalaba, akaniangalia tena, akaifanya upya.

"Mwalimu," akasema, "wewe si umekufa?"

"Tsanko, umelewa."

"Sijalewa, ndiyo shida yenyewe. Wamenikausha tangu juzi. Mwalimu, nilikula ngano yako."

"Ngano yangu ipi?"

"Ya Gena. Jumamosi ya Marehemu, pale makaburini. Alikuwa na mabakuli mawili ya ngano iliyochemshwa ya kuwaombea wafu, na divai. Hili akasema la Metodi, Mungu amrehemu, na hili la Nevyana, maskini, aliyemfuata mumewe kimya kimya. Lako ndilo lililokuwa na kokwa nyingi za jozi. Nilikula mara mbili, usinichukie."

Rusalina alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia yasianguke. Kisha akaniona, akaacha.

Nilimwuliza Tsanko kwa nini watu walidhani nimekufa. Akashangaa kwamba naweza kuuliza swali kama hilo, mtu aliyesoma. "Tanzia ya kwanza ilikuwa na jina lako, juu kabisa. Ya arobaini haikuwa nalo. Mtaa mzima ulisoma. Mke hakosi kwenye arobaini ya mumewe ila awe na yeye ameondoka. Gena alisema wamekuzika hukohuko ulikopelekwa, kwa aibu, ndiyo maana hapakuwa na karatasi yako. Alilia sana, Mwalimu. Alisema angalau mmoja akupikie."

Hapo ndipo alipoelewa. Uso wake ulibadilika taratibu. "Kumbe la Metodi nalo hawakukuambia," akasema.

Akaweka bakuli chini. Akavua kofia, ambayo alikuwa hajaivua hata kwa daktari. Akachukua kipande chake cha mkate akakiweka mbele yangu na kusema, "Pole, Mwalimu. Mungu amrehemu Metodi. Alikuwa akinilipa hata viatu visipokuwa tayari."

Hivyo mtu wa kwanza kunipa pole kwa kifo cha mume wangu, baada ya ndoa ya miaka arobaini na sita, ni mlevi ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nami namheshimu kuliko ninyi nyote.

Wewe uliniandikia kwamba mkono umevimba. Uliniandikia kwamba anakunywa dawa baada ya chakula. Uliketi, ukachagua maneno hayo, na ukayaandika kwa herufi kubwa, kama nilivyokuomba.

Siku ya Mtakatifu Dimitar nilimwita baba yako mwongo. Nilisema sitamsamehe. Naye alikuwa ameshatimiziwa arobaini yake, na watu wameshakunywa divai na kwenda zao. Ninyi mlijua, mkaniacha niseme. Maneno hayo nimpelekee nani sasa ili niyafute?

Sitaki uje na machungwa ya mgonjwa. Nataka uje Jumapili, ukae mbele yangu, useme kwa mdomo wako kwamba baba yako amekufa, namna alivyokufa na alivyovaa. Kisha nataka siku moja, siku moja tu, nipelekwe makaburini nimlilie mume wangu, halafu mnirudishe humu mkipenda.

Mama yako, ambaye yu hai,
Nevyana Dobreva

*

Gorni Brod
15 Novemba 2013

Mama,

Nitakuja Jumapili.

Nimeongea na daktari. Amesema kwa kuwa umejua kwa ghafla, mambo ya makaburini yasubiri kwanza.

Unaniuliza niliwezaje kuandika. Niliandika kwenye meza ya jikoni, kiti cha baba kikiwa pale, na jina lako nililiondoa kwenye tanzia kwa sababu niliona haya kulitumia bila ruhusa yako. Sikujua mtaa utasoma hivyo. Shangazi Gena nimemwambia kwamba u mzima. Alikaa chini barabarani.

Lakini na mimi nina neno. Ulipokuwa chini ya mzabibu nilikuja kila siku na supu, na kila siku niliimwaga. Nilikuita, hukunijibu. Niliwahi kupiga magoti kwenye matope, Mama, mimi mwenye miaka arobaini na minne. Daktari aliponiambia nitakupoteza, nilimwamini, kwa sababu nilishakuona ukienda. Baba nilimzika peke yangu. Nilisimama mlangoni kupokea watu, nikimdanganya kila mmoja kwa ajili yako, na nilichotaka siku ile ni mama yangu.

Bilyana

*

Suhi Dol
9 Desemba 2013

Bilyana,

Barua yako ya mwisho ndiyo barua ya kwanza ya kweli uliyoniandikia tangu nije huku. Ningependa ungeiandika Septemba. Ningeumia, lakini tungeumia pamoja, na mimi ndiye mkubwa, ningekushika. Hukunipa nafasi ya kuwa mama yako siku uliyonihitaji. Hilo nalo nimenyimwa.

Ulikuja, ukasema, nami nakushukuru. Shati la bluu mlilomzika nalo ndilo nililolitaka. Lakini ulipoondoka ulitembea haraka, hukusikia kilichofuata, kwa hiyo nakueleza.

Nilimlilia. Kwetu mke humlilia mumewe kwa sauti, na kwa maneno. Humwuliza atakayepogoa mzabibu ni nani, humwambia alipomkosea na humwomba radhi. Mama yangu alimlilia baba yangu hivyo mbele ya kijiji kizima, na watu walisimama wamevua kofia. Mimi nilikuwa na mengi ya kumwambia Metodi kuliko mama yangu. Nilisimama penye dirisha la ukumbini, linalotazama upande wa kwetu, nikaanza na lile neno "mwongo", nikamwomba alisahau.

Rusalina alisimama nyuma yangu akiitikia, kama inavyopasa. Bai Stamen alivua kofia. Tsanko alikuwa akilia. Ulikuwa msiba wa heshima, ila hapakuwa na maiti.

Muuguzi akaja akasema, "Bibi Neve amevurugika tena." Wakaja watu wenye nguvu. Nilichomwa sindano nikiwa katikati ya neno, nalo sikulimaliza. Nilipoamka nilijaribu tena, wakanichoma tena. Sasa vidonge ni vingi zaidi, mdomo unakauka, na nikimfikiria Metodi namwona kama nyuma ya kioo chenye mvuke. Machozi hayaji. Ninajua kwamba nina huzuni kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi ambayo hajawahi kufika.

Daktari ameniambia kwamba nitabaki mpaka masika, na kwamba familia imekubali. Alinionyesha sahihi yako. Sikukasirika. Dawa hairuhusu.

Tsanko ameruhusiwa kwenda kwao. Nilimwomba apite makaburini amwambie Metodi lile neno lililobaki, na nikamnong'oneza ni lipi. Aliahidi kwenda akiwa hajalewa. Tangu pale sijasikia habari zake. Mwambie Gena asitupe ngano iliyobaki. Miezi sita itaangukia katikati ya Machi. Kwenye tanzia hiyo weka jina langu au usiweke, vyovyote utakavyoona. Watu wa mtaa hawakukosea sana kama tulivyodhani.

Jana Iva alirudi na daftari lake. Alituketisha mezani tena. Rusalina hakusema habari ya mlango, na Bai Stamen hakusema habari ya uma. Zamu yangu ilipofika akaniuliza kwa upole, akiwa ameinama, "Mwalimu, na wewe unataka nini?" Ameanza kuniita Mwalimu.

Nikamwambia, "Sitaki kitu."

Akatabasamu, akaandika. Nilisoma kichwachini, kama kawaida yangu.

Aliandika: "Mgonjwa amepata nafuu."

Nevyana